Filamu Zetu Zinaonekana, Sasa Zisikike: Kazi Inayovikabili Vyuo Kabla ya Mwaka 2028

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Januari, 2024 wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule teule nchini walianza kusoma kwa mkondo wa amali, ikiwa ni sehemu ya utekelezaji wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023. Tarehe 1 Februari, 2025 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, aliizindua sera hiyo jijini Dodoma. Kwa hesabu ya miaka minne ya sekondari, kundi la kwanza la wanafunzi hao litahitimu kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2027, na mwaka 2028 litabisha hodi vyuoni.

Miongoni mwa watakaobisha hodi watakuwamo vijana wanaotaka kusomea filamu, ubunifu wa sauti na uzalishaji wa maudhui ya kidijitali. Mjadala wa umma kuhusu fani hizi mara nyingi huanzia kwenye kamera na kuishia hapo hapo: nani ana kamera bora, nani ana taa, nani ana ndege isiyo na rubani ya kupigia picha kutoka angani. Makala haya yanajadili upande ambao hauzungumzwi sana. Picha za filamu zetu zimepiga hatua inayoonekana, lakini sauti imebaki nyuma. Na kwa kuwa sauti ndiyo inayoamua kama filamu itauzika nje ya mipaka, mafunzo ya sauti ndiyo kipimo kitakachoonesha kama vyuo vyetu viko tayari.

Tulikotoka

Tanzania haianzi leo. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikaanzishwa Taasisi ya Picha na Sauti ili kuzalisha filamu za elimu na maendeleo. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaendeshwa kama wakala wa Serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimefundisha sanaa za maonesho tangu miaka ya 1960, na leo Idara yake ya Sanaa Bunifu inafundisha pia filamu na televisheni.

Hata hivyo, tasnia iliyokuja kujulikana kama Bongo Movie haikuzaliwa madarasani. Ilikua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kamera ndogo za video na kanda za kuuzwa mitaani. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 hutajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa zilizofungua njia. Waliozitengeneza walijifunzia kazini. Walijenga soko pasipokuwa na soko, na jambo hilo linastahili heshima. Lakini kujifunzia kazini kuna kasoro moja: mtu hujifunza kile anachokiona kimeharibika. Picha ikiwa na giza, kila mtu huliona kosa siku ile ile. Sauti ikiharibika, aghalabu hugundulika wiki kadhaa baadaye katika chumba cha uhariri, wakati waigizaji wamekwisha kutawanyika na eneo la kupigia picha halirudiki.

Matokeo yake mtazamaji anayafahamu vizuri. Upepo unavuma juu ya maneno ya mhusika. Jenereta ya jirani inanguruma katika eneo linalodaiwa kuwa kijiji kisicho na umeme. Muziki unapanda hadi kumeza mazungumzo, kisha unakatika ghafla. Mtazamaji huongeza sauti ya televisheni ili asikie maneno, na dakika inayofuata huipunguza kwa haraka asije akaamsha watoto.

Linaloshangaza ni kwamba nchi hii ina urithi mkubwa wa usimulizi kwa sauti pekee. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulitumia hadithi kufundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Watafiti waliufuatilia kwa kulinganisha maeneo yaliyousikia na eneo la Dodoma, ambako haukurushwa hadi mwaka 1995, na wakabaini kuwa uliathiri mwenendo wa wasikilizaji. Hapakuwa na picha hata moja. Kulikuwa na sauti za waigizaji, milio, ukimya na mafundi waliojua kuvipanga.

Sauti ni elimu, si kifaa tu

Ubunifu wa sauti ni zaidi ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Ni uamuzi wa nini msikilizaji asikie, lini akisikie, na kutoka umbali gani. Mazungumzo ya wahusika wawili katika soko la Kariakoo hayarekodiwi pamoja na kelele zote za Kariakoo. Maneno hunaswa yakiwa safi kadiri iwezekanavyo; wito wa makondakta, honi za bodaboda na mikokoteni hurekodiwa kwa nafasi yake, kisha vyote hupangwa upya studio. Kabla ya kuondoka eneo la kazi, fundi huwaomba wote wanyamaze kwa nusu dakika au zaidi ili arekodi ukimya wa mahali pale, kwa maana kila chumba kina ukimya wake. Bila akiba hiyo, mhariri akikata neno moja, tundu huachwa wazi na sikio hulitambua mara moja.

Yapo pia mambo ya fizikia yasiyobishaniwa. Katika eneo la wazi, umbali kati ya mzungumzaji na kipaza sauti unapoongezeka mara mbili, sauti yake hushuka kwa takriban desibeli 6. Kipaza sauti kilichofungwa juu ya kamera iliyo mita 4 kutoka kwa mwigizaji kiko mbali mara 8 kuliko kile kilichoshikiliwa kwa fimbo nusu mita juu ya kichwa chake. Hiyo ni tofauti ya desibeli 18, huku kelele za mazingira zikibaki pale pale. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha kikamilifu kilichopotea hapo. Mwanafunzi aliyefundishwa kanuni hii wiki ya kwanza haitaji kifaa cha thamani kubwa ili afanye kazi bora kuliko mwenzake. Anahitaji fimbo, mkono uliozoea na masikio yaliyofunzwa.

Hoja ya gharama nayo inastahili kupimwa kwa hesabu. Picha ya ubora wa 4K inayorekodiwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Sauti ya njia moja ya kiwango kinachotumika katika filamu, yaani kilohezi 48 na biti 24, hujaza takriban megabaiti 518 kwa saa hiyo hiyo. Sauti ni nyepesi kuliko picha kwa zaidi ya mara 80. Kwa hiyo si kweli kwamba sauti imeachwa nyuma kwa sababu ya uzito wa gharama zake. Imeachwa nyuma kwa mazoea: bajeti hupangwa, kamera hukodiwa, waigizaji hulipwa, na kinachosalia ndicho hupewa fundi sauti.

Kwa nini soko linasikiliza kwanza

Mwezi Novemba, 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lilianza kuonesha tamthilia ya Kichina iliyoitwa kwa Kiswahili Doudou na Mama Wakwe Zake. Watazamaji waliwasikia wahusika wa Beijing wakizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa sauti yake. Baadaye tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili na Azam zikawa sehemu ya jioni za familia nyingi. Kazi hizo ziliwezekana kwa sababu ya utaratibu mmoja wa kiufundi: wazalishaji wake hukabidhi sauti ikiwa katika mafungu tofauti, maneno peke yake, muziki peke yake, na milio mingine peke yake. Anayenunua huondoa maneno ya lugha ya awali, huingiza ya lugha yake, na muziki pamoja na milio hubaki kama vilivyokuwa.

Utaratibu huo unapokosekana, hali huwa kama ile inayofahamika katika mabanda ya video ya mitaani, maarufu kama vibanda umiza, ambako msimulizi mmoja hupunguza sauti yote ya filamu ya kigeni na kuzungumza juu yake. Ni sanaa yenye ucheshi na wapenzi wake, lakini si bidhaa ambayo kituo cha televisheni cha nchi nyingine kitainunua.

Sasa tugeuze sarafu. Filamu ya Kitanzania iliyochanganya maneno, muziki na milio katika fungu moja lisilotenganishika haiwezi kuingizwa sauti za Kifaransa, Kiarabu au Kireno bila kuharibika. Inaweza kuwekewa maandishi chini ya picha, lakini sehemu kubwa ya soko la televisheni inataka lugha ya mtazamaji wake. Aidha, vituo na majukwaa ya kimataifa yana vipimo vya lazima vya ukubwa wa sauti. Kiwango cha watangazaji wa Ulaya, R 128, kinataka wastani wa LUFS hasi 23. Netflix inapima kwa mazungumzo na kutaka hasi 27. Kazi isiyotimiza vipimo hurudishwa, hata kama hadithi yake ni nzuri na picha zake zinavutia.

Kwamba tunaweza kufikia viwango hivyo si ndoto. Vuta N'kuvute, filamu iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilioneshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwaka 2021. Filamu ya Binti iliyoongozwa na Seko Shamte iliingia Netflix mwaka 2022. Swali la kisera ni namna ya kuufanya ufanisi wa wachache kuwa uwezo wa kawaida wa wengi, na jibu la swali hilo haliwezi kukwepa vyuo.

Ukubwa wa fursa nao unafahamika. Ripoti ya UNESCO kuhusu tasnia ya filamu barani Afrika, iliyotolewa mwaka 2021, ilikadiria kuwa tasnia hiyo inaajiri watu milioni 5 na kuchangia Dola za Marekani bilioni 5 katika pato la bara, na kwamba ina uwezo wa kufikia ajira milioni 20 na Dola bilioni 20. Ripoti hiyo hiyo ilionesha pia kikwazo: kwa wastani, Afrika ina ukumbi mmoja wa sinema kwa kila watu 787,402. Maana yake ni kwamba mapato makubwa hayatatoka kwenye tiketi za ukumbini. Yatatoka kwenye televisheni na majukwaa ya kidijitali, yaani kwa wanunuzi wale wale wanaopima sauti kabla ya kusaini mkataba.

Wageni wanapokuja kupiga picha

Upo upande mwingine wa suala hili. Filamu ya Kimarekani ya Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962, ilipigwa katika nyanda za kaskazini, mkoani Arusha. Miaka 60 baadaye, Aprili 2022, filamu ya The Royal Tour ilizinduliwa jijini New York na kuitangaza Tanzania kama nchi ya utalii na uwekezaji. Mandhari yetu haijawahi kukosa mteja. Kinachopaswa kuulizwa kila mara kundi la wageni linapowasili ni nafasi zipi katika orodha ya kazi zinakwenda kwa Watanzania. Dereva, mpishi, mlinzi na mkalimani ni kazi za halali na za heshima. Lakini msaidizi wa fundi sauti, mshika fimbo ya kipaza sauti, mtunza data na mhariri msaidizi ni nafasi zinazoacha ujuzi nchini baada ya wageni kuondoka. Mzalishaji wa nje hawezi kulazimishwa kwa maneno kumpa kijana wetu nafasi hiyo. Humpa pale anapojua kuwa kijana ameshika kifaa cha aina hiyo mara nyingi kabla, na kwamba kuna chuo kinachoweza kulithibitisha hilo.

Vyuo vifanye nini

Wapo wanaouliza: ikiwa kijana anaweza kujifunza uhariri kwa simu yake kupitia mtandao, chuo ni cha nini? Swali hilo ni la haki, na lisijibiwe kwa kusifu vyeti. Programu ya uhariri inaweza kweli kujifunzwa nyumbani. Mambo matatu hayajifunzwi kwa urahisi peke yako. La kwanza ni kusikiliza: spika za simu haziwezi kumwonesha mwanafunzi mngurumo wa chini ulioharibu rekodi yake, anahitaji chumba kilichotulizwa mwangwi, spika za kweli na mwalimu wa kumwambia "sikiliza tena". La pili ni kufanya kazi katika kundi, ambamo mwongozaji, mpiga picha, fundi sauti na mhariri wanategemeana na kuwajibishana. La tatu ni sheria na mikataba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa wimbo. Mhitimu asiyejua kuwa wimbo mmoja uliotumika bila kibali unaweza kuzuia filamu nzima kuuzwa, hajahitimu.

Lakini chuo kisichokuwa na chumba hicho, vifaa hivyo na mwalimu huyo hakina cha kumzidi mtu wa nyumbani. Kufundisha ubunifu wa sauti kwa kuandika ubaoni ni sawa na kufundisha kuogelea nchi kavu. Mfumo wetu wa elimu ya ufundi unajengwa juu ya umahiri, yaani mwanafunzi hupimwa kwa anachoweza kufanya. Hivyo kipimo cha maandalizi ya mwaka 2028 kisiwe idadi ya wanafunzi watakaodahiliwa pekee. Kiwe pia idadi ya saa ambazo kila mwanafunzi atashika kifaa, idadi ya filamu fupi atakazokamilisha, na kama kila filamu itakabidhiwa ikiwa na mafungu matatu ya sauti kama soko linavyotaka.

Suala la wakati ni la msingi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Vifaa vitakavyotumiwa na wanafunzi wa mwaka 2028 lazima viingie katika mipango mapema, na walimu watakaovitumia waanze kunolewa mapema zaidi. Mafundi wazoefu wa redio na televisheni, ambao wengi wao hawana shahada lakini wana masikio ya miaka 30, ni hazina ambayo vyuo vinaweza kuitumia kama wakufunzi wa vitendo kabla haijastaafu na kupotea.

Mzazi na mwanafunzi wazingatie nini

Kwa mwananchi anayefuatilia matangazo ya udahili, hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, na kwamba programu anayoitaka imeidhinishwa. Mambo hayo mawili hayafanani: chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi mojawapo ikiwa haina idhini. Mwongozo wa udahili unaotolewa na Baraza kila mwaka unaorodhesha vyuo, kozi, sifa za kujiunga na ada.

Hatua ya pili ni mikopo. Serikali ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, ikianza na fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Mzazi wa mwanafunzi wa filamu asidhani moja kwa moja kuwa mwanawe anahusika. Asome mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wa mwaka husika kabla ya kupanga ada. Kwa wasanii walio tayari kazini, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo ya kuendeleza kazi zao kwa masharti yake.

Hatua ya tatu haihitaji mwongozo wowote. Mzazi na mwanafunzi wakitembelea chuo, waombe kuoneshwa filamu moja iliyotengenezwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Waitazame hadi mwisho. Kisha waombe ichezwe tena, na safari hii wafumbe macho. Wakiweza kuifuata hadithi, wakatambua nani anazungumza, yuko wapi na anaenda wapi, chuo hicho kinafundisha. Wakisikia upepo na jenereta, waulize ni saa ngapi kwa wiki mwanafunzi hushika kipaza sauti, na waamue kwa kuzingatia jibu watakalopewa.